Fimbo za kuvulia zikae wapi kwenye kayaki? Moja imechomoka nyuma yangu huko Matema, ziwa Nyasa

#1 KayakiYaMatema
Wakuu, habari za humu. Nina jambo limeninyima usingizi tangu Jumamosi.

Nina kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu, niliyouziwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Nyuma ya kiti ina matundu mawili ya kiwandani, kushoto na kulia, yameinamia nyuma na kutoka nje kidogo. Huwa nachomeka fimbo mbili humo: moja ya akiba, nyingine inakokota kijiko, yaani chambo bandia cha chuma chenye ndoano, cha rangi ya fedha, huku napiga kafi.

Jumamosi alfajiri niliondoka Matema nikafuata mlima kuelekea Ikombe. Ziwa limetulia tuli. Nikiwa kama mita mia mbili kutoka kwenye majabali nikasikia "ko!" nyuma ya bega la kulia. Kugeuka, tundu tupu. Fimbo ya futi 7, rili (kile cha kuzungushia mshipi) niliyoidundulizia miezi minne, mshipi wote, vimekwenda. Pale mnapajua, mlima unashuka majini moja kwa moja, hakuna cha kupiga mbizi.

Maswali yangu mawili. Fimbo zikae wapi ili nizione na nizifikie bila kupinduka? Na ni kitu gani kiliichomoa?

#2 FundiBomba_Mwanjelwa
Pole sana mkuu. Matundu ya nyuma kwangu mimi ni ya kusafirishia fimbo, si ya kuvulia. Waliotengeneza wameyaweka pale ili kafi lipite bila kugonga kitu. Ukitaka kukokota, fimbo iwe mbele, uone ncha yake inavyotetemeka. Ncha ndiyo inakuambia kijiko kinafanya kazi au kimebeba majani.

Fanya hivi. Weka kayaki nyumbani kwenye nyasi, kaa kama unavyokaa majini, shika kafi, piga kama kawaida. Mtu mwingine apige chaki pale kafi linapopita pande zote mbili. Kishikizo cha fimbo kikae mbele ya chaki, lakini mkono wako ukifike bila mgongo kuondoka kwenye kiti. Ukilazimika kuinama mno, rudi nyuma kidogo.

#3 MtotoWaMwalo
Ugonile wakuu. Mimi nitasema la wazee. Mtumbwi wa kwetu una mdomo mwembamba, mtu anakaa juu ya kingo na miguu ndiyo inaingia ndani. Hakuna kitu kinachosimama juu. Babu alivua kwa mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kipande cha mti, na akiwa anapiga kafi aliuzungusha mara moja kwenye kidole gumba cha mguu. Samaki akigusa, anajua kabla ya wewe mwenye rili kugeuka.

Siwaambii mtupe fimbo. Nasema kitu kikisimama kwenye chombo chembamba, kitapigwa na kitu. Ni suala la siku tu.

#4 Kamwene_Mtera
Kamwene. Namuunga mkono #3. Huku kwetu Mtera, bwawa lilipofunika bonde la Ruaha Mkuu liliacha miti ndani ya maji. Imekauka, imesimama, ndege wanakaa juu. Ukipita na fimbo zimesimama wima nyuma ya kiti, matawi yanazikamata na wewe unaendelea mbele. Nilivunja ncha mbili namna hiyo kabla sijajifunza.

Sasa fimbo zangu zinalala. Ncha mbele, rili karibu na goti, nimezifunga ubavuni kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Nikifika mahali pa kuvulia ndipo nasimamisha moja. Moja tu.

#5 MwalimuTukuyu
Nimesoma tukio la #1 mara mbili. Naona jibu liko kwenye mwinamo. Kijiko kinavuta kuelekea nyuma. Fimbo nayo imeinamia nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mvuto inakwenda sambamba na fimbo yenyewe, yaani inaivuta kutoka kwenye tundu kama unavyochomoa kisu kwenye ala. Fimbo ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, nusu ya nguvu inachomoa. Ikiinama nyuzi 60, ni kama asilimia 87.

Fimbo hiyohiyo ukiisimamisha wima, au ukaielekeza mbele na nje, mvuto wa nyuma unakandamiza kitako chake kwenye ukuta wa kishikizo. Inakuwa vigumu kutoka. Jambo la pili, fimbo ikielekea kule mshipi unakoelekea, haipindi. Isipopinda, pigo lote linafika kwenye rili na kwenye tundu. Fimbo imeumbwa ipinde.

#6 KayakiYaMatema
Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye ala ya kisu nimeelewa kabisa. Ila niseme ukweli mwingine: breki ya rili nilikuwa nimeikaza hadi mwisho, nikiogopa samaki asiondoke na mshipi.

#7 FundiBomba_Mwanjelwa
Basi kesi imekwisha! Breki iliyokazwa haitoi mshipi, kwa hiyo samaki anachukua fimbo. Mwinamo ni nyongeza tu. Ukikokota, breki iwe nyepesi, mshipi utoke ukivutwa kwa nguvu, rili ikupigie kelele. Fimbo ukishaishika mkononi ndipo unakaza kidogokidogo.

#8 MamaUsipa
Wanangu, mnamtaja samaki tu. Mimi nina nyavu za makila, zile za kutega, upande huohuo wa Ikombe. Alfajiri bado ziko majini. Mtu anapita na kijiko chenye ndoano tatu, kinakamata wavu, yeye anapiga kafi. Wavu haukimbii, mtu na chombo chake ndio wanaondoka, fimbo inabaki nyuma. Hapo hakuna samaki wala mwinamo.

Wiki ileile wavu wetu mmoja ulitoka na tundu la kupitisha kichwa, na kijiko ndani.

#9 KayakiYaMatema
Shikamoo mama. Moyo umeniruka. Kijiko chenyewe kilikuwa cha fedha, kirefu kama kidole cha kati?

#10 MamaUsipa
Marahaba. Hapana, hiki ni cha rangi ya shaba, kifupi. Na hapakuwa na fimbo. Lakini mmoja akipita, wengine nao wanapita. Wavu ule unalisha nyumba mbili. Maboya yetu ni madumu ya lita tano na chupa za maji, wakati mwingine yanazama nusu, na jua likiwa chini mtu anayetazama kusini-mashariki hayaoni. Pita nje ya maboya, mbali. Kabla hujaingia majini pita mwaloni kwa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi pale ufukweni, uulize nyavu zimelala wapi leo. Watakuonyesha kwa kidole, haichukui hata dakika tano.

#11 KayakiYaMatema
Nitafanya hivyo mama. Sikuwahi kuuliza hata mara moja na najisikia vibaya.

#12 MtotoWaMwalo
Hapo mama amesema la maana kuliko sisi wote. Ndaga fijo mama.

#13 ChaiYaMufindi
Mimi navua trauti kwenye mabwawa ya mashamba ya chai, maji madogo, hakuna mawimbi ya kutisha. Shida yangu ni tofauti: kurusha. Nikiwa na fimbo ya akiba imesimama nyuma ya bega la kulia, na mimi narusha kwa mkono wa kulia, ndoano ikienda nyuma inajinasa kwenye mshipi wa ile ya akiba. Mara moja niliirusha fimbo ya akiba majini mwenyewe, kwa nguvu zangu zote.

Nikaihamishia kushoto na kuilaza ielekee nyuma. Tatizo likaisha. Kwa anayerusha, tundu la nyuma upande wa pili wa mkono wa kurushia halina ubaya. Tusiyatukane matundu ya nyuma moja kwa moja.

#14 Kamwene_Mtera
Mufindi bwana, unavua umevaa koti zito. Huku Mtera tunavua huku tunatazama macho mawili yanayoelea juu ya maji. Njoo siku moja.

#15 ChaiYaMufindi
Kiboko sina haja naye. Baki naye.

#16 MwanaNyasa_MbambaBay
Salamu kutoka Mbamba Bay, kusini ya Matema kwenye ziwa hilohilo. Nasahihisha #7 kidogo: breki nyepesi ni sawa, lakini mbasa, samaki mwindaji wa ziwa hili, akipiga kijiko anapiga mara moja kwa kasi, na breki ikilegea mno ndoano haiingii mdomoni. Mimi huwa napima hivi: naweka fimbo kwenye kishikizo nikiwa nchi kavu, natembea na mshipi mkononi hatua kumi, navuta ghafla. Mshipi utoke, lakini fimbo ipinde kwanza. Fimbo ikitikisika kwenye kishikizo bila kupinda, nalegeza.

Kumbuka pia kuwa mbasa anafuata usipa, wale samaki wadogo kama dagaa. Wingu la usipa likisogea karibu na majabali alfajiri, mbasa wako chini yake. Kwa hiyo #1, kwa saa ile na mahali pale, mimi naamini ni mbasa. Mvua zikianza wengi wao wanapanda mitoni kuzaliana, usiwasumbue humo.

#17 MwalimuTukuyu
Swali kwa #1: kijiko kilikuwa kinakwenda kina gani? Kama kilikuwa chini sana, mshipi ulikuwa unashuka, si kwenda nyuma tu. Hapo hesabu yangu ya #5 inapungua, maana mvuto wa kushuka unairudisha fimbo ndani ya tundu.

#18 KayakiYaMatema
Nilikuwa nimetoa mshipi kama mita 30, kijiko chepesi, napiga kafi kawaida. Sidhani kilizidi mita mbili au tatu.

#19 MwalimuTukuyu
Basi mshipi ulikuwa karibu kulala. Narudi kwenye msimamo wangu.

#20 FundiBomba_Mwanjelwa
Mwalimu, ukuta wa tundu nao una neno. Nimeshika kayaki kadhaa za namna hiyo. Tundu ni la mviringo, plastiki laini, likilowa linateleza kama sabuni. Halina mkato wa kupokea shingo ya rili. Rili ya kuning'inia chini ikikosa mkato, fimbo inajizungusha yenyewe, rili inageukia pembeni na kila wimbi linaipandisha kidogokidogo. Huenda ilikuwa imeshapanda nusu kabla ya chochote kugusa kijiko.

Tengeneza chako. Bomba la plastiki la maji, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Upande mmoja kata mkato wa upana wa kidole, ushuke kama sentimita sita, shingo ya rili ikae humo. Mdomo upashe moto juu ya jiko la mkaa, mbali na mwali, ukilainika upanue kwa chupa ya soda. Kingo zisuguliwe kwa msasa zisikwaruze fimbo.

Kwa akiba, chukua kreti la soda, funga mabomba matatu kwenye pembe zake kwa waya au kamba ya nailoni, liweke nyuma ya kiti na ulifunge kwa mpira wa kufungia mizigo kwenye bodaboda. Humo unatia na chupa ya maji, koleo, kisu, samaki wako. Hakuna kutoboa kayaki.

#21 Kamwene_Mtera
Kreti ni zuri mpaka uhitaji kitu kilichomo. Kugeuka kiunoni ukiwa umekaa kwenye chombo chembamba, ukanyoosha mkono nyuma, ndiyo njia niliyopindukia. Kichwa kikitoka nje ya ubavu, mwili unafuata. Fundi, wewe umewahi kukaa ndani ya kayaki?

#22 FundiBomba_Mwanjelwa
Nimekaa mara nne, ziwa Nyasa. Naogelea pia. Nimetengenezea watu saba makreti na wote bado wananisalimia.

#23 Kamwene_Mtera
Nimekubali mkuu, nilikuwa nakutania. Lakini la kichwa kutoka nje usilipuuze.

#24 DogoUyole
Wakuu naomba kuuliza. Si rahisi tu kufunga fimbo kwa kamba? Ikichomoka inabaki inaning'inia.

#25 MwanaNyasa_MbambaBay
Dogo, nilikuwa nafikiri kama wewe. Kamba tatu, fimbo tatu. Mwezi wa saba, mwera, ule upepo wa kusini-mashariki, umevuma tangu usiku, nikawa narudi ufukweni. Wimbi lilinipiga kwa nyuma nikiwa nakaribia mchanga, kayaki ikageuka tumbo juu. Kamba zote tatu zilizunguka mguu wa kushoto, na mshipi wa mojawapo shingoni. Maji yalikuwa ya kifuani tu. Nilikuwa na jaketi okozi na kisu kwenye jaketi, ndiyo maana naandika leo.

Tangu hapo fimbo iliyo kwenye kishikizo cha kukokotea ndiyo pekee ina kamba, fupi kama urefu wa mkono, yenye kibanio cha kufyatua. Nyingine nazipa boya. Nimekata soli za kandambili kuukuu vipande vya mviringo, nikavitoboa katikati na kuvivalisha kwenye kitako juu ya rili. Nilijaribu kwenye pipa la maji kwanza. Vipande viwili, fimbo ilizama. Vitano, ilielea ncha ikitazama juu. Kila rili ina uzito wake, jaribu yako.

#26 ChaiYaMufindi
Soli za kandambili! Leo hii hii nakata.

#27 MtotoWaMwalo
Hapo kwenye kutua nina la kuongeza. Wageni wanafika Matema miezi ya upepo, wanaona mchanga mzuri, wanasahau kuwa mawimbi yale yametoka mbali, ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kuelekea kusini na hakuna kitu cha kuyazuia. Kabla ya kuingia kwenye mawimbi yanayovunjika, kila kitu kilale. Kama kayaki ina mfuniko wa mbele, fimbo ziingie ndani ya tumbo, ncha itangulie, na ncha uivalishe sponji la godoro. Fimbo iliyosimama wakati chombo kinapinduka inachimba mchanga na kuvunjika, au inakuchoma.

Upande wa mdomo wa mto Lufilyo msitue kabisa. Mamba.

#28 MwalimuTukuyu
La mwisho kutoka kwangu, na hili silifanyii mzaha. Fimbo nyingi za sasa zina kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Kyela na Rungwe mvua ya radi haitoi taarifa ndefu. Mtu amekaa katikati ya maji tambarare na fimbo mbili zimesimama juu ya kichwa chake, yeye ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwa umbali mkubwa. Ukisikia ngurumo ya kwanza, laza fimbo zote na uelekee nchi kavu. Usingoje ya pili ili uhesabu.

#29 KayakiYaMatema
Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zimepita.

Nilifanya zoezi la chaki la #2, dada yangu ndiye aliyeshika chaki. Nikafunga vishikizo viwili vya bomba mbele, kila kimoja kinaelekea mbele na nje kidogo. Gundi ilikataa katakata kwenye plastiki hii, ikabidi nitoboe, niweke bolti na washa pana kwa ndani, kisha nizibe kwa silikoni.

Jumamosi nilipita mwaloni kwanza. Walinionyesha nyavu, na kweli mstari mmoja unapita palepale nilipopotezea fimbo. Lakini mvuvi mwingine akasema siku ile wao walikuwa wamezitoa mapema kabla ya jua. Kwa hiyo sijui niseme nini.

Cha kulia kinafanya kazi vizuri, naiona ncha muda wote. Cha kushoto goti langu linagonga rili kila nikijisukuma, itabidi nikisogeze. Dada yangu alipojaribu, mkono wake haukufika kabisa, yeye ni mfupi kuliko mimi. Chaki yangu haimfai. Mbasa hatukupata. Tulipata magege wawili kwa chambo cha minyoo karibu na mawe, nikiwa nimeshika fimbo mkononi.

#30 MamaUsipa
Asante kwa kupita mwaloni mwanangu. Magege wa kuchoma au wa nazi?

#31 KayakiYaMatema
Wa kuchoma mama, kwa ndimu, na wali wa Kyela.

#32 Kamwene_Mtera
Nimesema toka #4: fimbo moja tu. Sasa naongeza: mkononi. Ona sasa.

#33 FundiBomba_Mwanjelwa
Magege si mbasa, Kamwene. Kukokota bado kunataka kishikizo. Na kwa goti la kushoto, usitoboe tena kwanza. Geuza bomba nyuzi chache kuelekea nje halafu ujaribu.

#34 MwanaNyasa_MbambaBay
Mimi bado nasema ni mbasa aliyeichukua.

#35 MamaUsipa
Na mimi bado nasema ni wavu. Kuzitoa mapema, waliozitoa ni wale. Za kwetu zilikuwa ndani mpaka saa mbili.

#36 DogoUyole
Wakuu, nami nimepata kayaki ya kuazima ya kwenda nayo Matema Pasaka. Fundi, bomba la inchi ngapi? Hapa Uyole dukani wana ya moja na nusu na ya mbili.

#37 FundiBomba_Mwanjelwa
Moja na nusu inatosha fimbo nyingi. Lakini nenda na fimbo yako, ingiza kitako mle dukani kabla hujalipa. Kikicheza sana, ni kubwa.